Seiko Hashimoto, mwanamichezo na mwanasiasa wa Japani: majibu kwa maswali yenu

Wanasema alishiriki Olimpiki saba. Mtu mmoja anawezaje?
Nne za baridi, akiteleza kwa kasi barafuni: Sarajevo 1984, Calgary 1988, Albertville 1992 na Lillehammer 1994. Tatu za kiangazi, kwa baiskeli za uwanjani: Seoul 1988, Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Michezo hiyo inaingiliana. Yote miwili inadai mapaja yenye nguvu na mgongo ulioinama, na wateleza barafuni wengi hujinoa kwa baiskeli msimu wa joto. Kikwazo ni kalenda, maana hadi 1992 Olimpiki zote mbili zilikuwa mwaka mmoja. Calgary ilikwisha Februari, Seoul ikaanza Septemba.

Calgary alishindana masafa yote matano ya wanawake, mita 500 hadi 5,000. Mita 500 zinataka mlipuko, 5,000 zinataka pumzi. Anayeyabeba yote kwa kawaida hulipia kwa medali. Yeye aliambulia moja tu, shaba ya mita 1,500 Albertville, umbali ulio katikati. Hata hivyo, hakuna mwanamke Mjapani aliyekuwa amepata medali ya Olimpiki ya baridi kabla yake.

Aliingia bungeni baada ya kustaafu michezo?
La. Alichaguliwa baraza la juu la bunge la Japani mwaka 1995 kwa tiketi ya LDP (chama cha Liberal Democratic), na Atlanta alikwenda akiwa tayari mbunge. Mwaka 2000 alijifungua akiwa bado na kiti. Ndipo kanuni za baraza zikaandika uzazi kuwa sababu halali ya kukosa kikao.

Kwa nini vyama vya Japani hupenda kusimamisha wanamichezo kama wagombea?
Sababu ni hesabu ya kura. Katika viti vya uwiano vya baraza la juu, nchi nzima ni jimbo moja. Tangu 2001 mpiga kura huandika jina la chama au la mgombea, na kura za mgombea huhesabiwa pia kuwa za chama chake. Jumla ndiyo hugawa viti. Kisha ndani ya chama, mwenye kura nyingi binafsi hutangulia (tangu 2019 chama kinaweza kutenga wachache wa kupita mbele ya wengine). Jina linalojulikana kila mkoa huvuna hata pasipo na tawi la chama.

Mwaka 2021 aliacha uwaziri wa Olimpiki. Alifukuzwa?
Hapana. Yoshiro Mori alijiuzulu uongozi wa kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo baada ya kusema kwamba vikao vyenye wanawake wengi huchukua muda mrefu. Hashimoto aliteuliwa kushika nafasi yake tarehe 18 Februari, na kanuni za mawaziri haziruhusu kushika nyadhifa mbili za namna hiyo. Alijitoa pia katika chama, lakini kiti cha ubunge alibaki nacho, na wapinzani walilikosoa hilo kwa haki. Mwezi uliofuata waliongezwa wanawake 12 kwenye bodi, wakafikia asilimia 42.

Naye hakuwa bila doa. Mwaka 2014 zilichapishwa picha za Hashimoto akimbusu mteleza barafuni Daisuke Takahashi katika sherehe kwenye Olimpiki ya baridi ya Sochi, ambako Hashimoto ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara wa Japani. Takahashi alisema hakuona kuwa alinyanyaswa, ila mwenye mamlaka juu ya mchezaji alipaswa kujizuia.

Ni yeye aliyehamisha marathoni ya Olimpiki ya Tokyo kwenda Sapporo, mji wa Hokkaido, kwa kuwa ni mtu wa huko?
Hokkaido ni kwao kweli, lakini uamuzi ulikuwa wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), Oktoba 2019, baada ya wakimbiaji wengi wa kike kushindwa kumaliza marathoni ya mashindano ya dunia huko Doha kwa joto. Gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, alipinga. Joto likawafuata hukohuko: mbio za wanawake zilisogezwa kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili. Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei wa Kenya wakashika nafasi mbili za kwanza.

Sasa yuko wapi?
Juni 2025 alichaguliwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.