Mikono inakufa ganzi nikipiga besiboli

SWALI: Mpira naupiga, lakini mikono inakufa ganzi na mpira hauendi mbali. Nakosea wapi? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ganzi hiyo ni mtetemo: unagongea mpira karibu na mpini wa gongo (fimbo ya kupigia) au nchani kabisa. Bana kifundo cha mpini kwa vidole viwili, gongo lining'inie, kisha ligongegonge kwa mpira kuanzia nchani ukipanda. Pale vidole visipohisi mtetemo, mara nyingi sentimita 12 hadi 18 kutoka nchani, zungushia utepe: hapo ndipo pa kupigia. Paka mpira chaki, uweke juu ya kigingi cha usawa wa kiuno, piga mara 20, ukikagua na kufuta doa la chaki kwenye gongo kila pigo. Doa likiangukia upande wa mpini, umeusogelea mpira mno. Rudi nusu hatua. Nguvu iache kwanza, tafadhali.