Maswali ya Wasomaji: Kamera Kuukuu za Filamu ya 120 Zinapohitaji Fundi

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinahusu kamera za ukubwa wa kati, zile zinazotumia roli ya namba 120 ambayo Kodak waliianzisha mwaka 1901 na ambayo bado inatengenezwa hadi leo. Kwa kuwa filamu ipo, kamera iliyoundwa miaka sabini iliyopita ina haki ya kudaiwa picha, na swali linalojirudia katika barua hizi ni kama kamera iliyogoma imekufa au imechafuka tu. Mara nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani, imechafuka tu.

Shikamoo mzee. Nimerithi Rolleicord kutoka kwa mjomba wangu, ambaye aliitumia mara ya mwisho kabla sijazaliwa. Kwenye kasi za juu, kuanzia 1/60 hadi 1/500, shata, yaani kilango kinachopitisha mwanga hadi kwenye filamu, inafyatuka bila shida, lakini nikiiweka kwenye sekunde moja inafunguka na kubaki wazi mpaka niitikise kamera. Rafiki yangu ananishauri nidondoshee mafuta ya cherehani kupitia mbele ya lenzi. Je, nimsikilize?

Marahaba. Usimsikilize, na ikiwezekana ufiche kamera siku atakapokutembelea.

Shata ya Compur iliyomo katika kamera yako inafanya kazi kwa namna mbili. Kwenye kasi za juu, springi ndiyo inayofungua na kufunga vijibati vya shata kwa mkupuo mmoja. Kwenye kasi za chini, springi hiyo hiyo hulazimika kusukuma kwanza msururu wa gia ndogo, unaofanana sana na ule wa ndani ya saa ya mkono, na vijibati hubaki wazi vikisubiri gia zimalize safari yake. Kiwandani gia hizo zilitiwa mafuta kidogo mno, na mafuta hayo, yakikaa miongo kadhaa bila kamera kutumika, hukauka na kuwa kama vanishi. Kwa hiyo unapoweka sekunde moja, gia hukwama katikati ya safari, vijibati vikaendelea kusubiri, nawe ukitikisa kamera unazisukuma gia zifike. Dalili hii ni njema, kwa sababu inaonyesha kwamba springi ina nguvu na hakuna kilichovunjika.

Mafuta ya cherehani yataleta balaa ambalo kwa sasa huna. Vijibati vya shata ni vyembamba kama karatasi na vimeundwa viteleze vikiwa vikavu kabisa. Tone moja likifika pale litasambaa lenyewe katikati ya vijibati, navyo vitashikana kama vioo viwili vilivyolowa maji, ambavyo kila mtu aliyejaribu kuvitenganisha anajua vinavyogoma. Utakuwa umepoteza na zile kasi za juu zilizokuwa nzima. Vivyo hivyo kwa wale wanaomimina petroli ya kiberiti bila kufungua chochote: shata huchangamka kwa siku mbili tatu, kisha petroli ikikauka huyaacha mafuta ya zamani iliyoyayeyusha juu ya vijibati na juu ya lenzi.

Kabla hujaipeleka kwa fundi, ipime. Weka simu karibu na lenzi, rekodi sauti, kisha angalia mchoro wa mawimbi katika programu yoyote ya kuhariri sauti. Utaona kilele kimoja shata inapofunguka na kingine inapofunga, na nafasi iliyo katikati ndiyo muda wake halisi. Njia hii inaaminika kuanzia sekunde moja hadi 1/30 hivi. Zaidi ya hapo milio hukaribiana mno, na ni kipimo cha mwanga tu kinachoweza kusema kweli. Pima mfyatuo wa kwanza kabisa wa asubuhi, kamera ikiwa imelala usiku kucha, kwa sababu shata chafu ikifyatuliwa mara ishirini mfululizo hulainika na kuanza kujifanya nzima. Wauzaji wengi wa kamera kuukuu wanalijua hilo, na hawawashi video kabla ya kuichezesha shata kwanza.

Fundi anayejua kazi ataondoa lenzi za mbele na bamba la shata, atatoa msururu wa gia na kuuosha peke yake, kisha ataweka mafuta ya saa kwa ncha ya sindano kwenye mihimili tu, huku vijibati vikiachwa vikavu. Akimaliza, atahakikisha kwamba lenzi ya juu ya kulengea na ile ya chini ya kupigia zinafokasi mahali pamoja, kwa sababu kamera ya lenzi mbili ambayo lenzi zake hazikubaliani itakuonyesha jicho la mtu likiwa kali kumbe filamu imenasa sikio. Akikuambia kwamba 1/500 yako inatoa takriban 1/400, mshukuru na umwache. Tofauti hiyo ni theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka au kupungua mara mbili), negativu ya kawaida haitaihisi, ingawa filamu ya slaidi inaweza kuihisi kidogo.

Mambo mawili usiyaguse. La kwanza ni kioo kilicho chini ya kioo cha kulengea: kimepakwa fedha kwa juu, si kwa nyuma kama kioo cha kujitazamia nyumbani, na kitambaa kitaikwangua fedha hiyo. La pili ni wenzo wa kujipiga picha, ule unaochelewesha shata kwa sekunde kadhaa. Nao una gia zake, gia hizo ndizo zinazosahaulika kuliko zote, na zikikwama zikiwa zimekokiwa, yaani springi yake ikiwa imekazwa tayari kufyatuka, shata nzima hukwama pamoja nazo.

Rolleiflex yangu ya Automat haihesabu picha. Nazungusha mkono wa kuvutia filamu, filamu inapita yote hadi mwisho bila kusimama. Je, hesabu imeharibika?

Huenda haijaharibika kitu. Aina za Automat, zilizoanza mwaka 1937, hutambua mwanzo wa filamu kwa kuhisi unene wake, pale filamu inapoungana na karatasi ya nyuma yake, kwa kutumia roli mbili ndogo zilizo chini ya chumba cha filamu. Karatasi ikipitishwa juu ya roli hizo badala ya katikati yake, kamera haihisi lolote. Jaribu kwa filamu iliyoharibika kabla ya kutafuta fundi.

Nilibadilisha lenzi ya Hasselblad 500C/M na sasa kila kitu kimekwama: haifyatuki, haizunguki, na lenzi haitoki. Nitumie nguvu?

Nguvu hapana. Anza na yasiyogharimu kitu: hakikisha kwamba bamba la kuzuia mwanga limetolewa kwenye chumba cha filamu, kwani likiwa ndani kamera hukataa kufyatuka kwa makusudi. Kumbuka pia kwamba kioo cha kamera hii hakirudi chenyewe baada ya picha. Giza unaloliona kwenye kioo cha kulengea huisha unapozungusha mkono, na wapo waliokwisha kupeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu ya giza hilo.

Ikiwa yote hayo yako sawa, basi umekutana na mkwamo maarufu wa mfumo huu. Katika kamera hii shata imo ndani ya lenzi, na mwili wa kamera huikoki kupitia muhimili mfupi wenye mfuo kama wa kichwa cha skrubu. Mwili na lenzi lazima vyote viwe vimekokiwa wakati wa kuunganishwa na wakati wa kutenganishwa. Kimoja kikifyatuka peke yake, mihimili haifuatani tena, na kila upande unausubiri mwenzake.

Dawa ni kutoa chumba cha filamu, kupenyeza bisibisi ndefu na nyembamba kwa nyuma kupita milango miwili ya ndani, kuufikia mfuo ulio kando ya lenzi, na kuuzungusha polepole kuelekea unakozunguka mkono wa saa mpaka usikie mlio wa kukoki. Hapo lenzi itatoka. Nimeliandika hili kwa ufupi, lakini mkono ukiteleza bisibisi itatua juu ya kioo cha nyuma cha lenzi, kwa hiyo asiye na mkono tulivu amwachie fundi, ambaye kwake ni kazi ya dakika chache. Siku za usoni, zungusha mkono wa kamera kabla ya kutoa lenzi, kila mara. Na ukitumia bomba la kurefusha, lile linalowekwa kati ya lenzi na mwili, toa kwanza lenzi kwenye bomba, kisha bomba kwenye mwili.

Picha zangu za Mamiya RB67 zina mstari mweupe wa ukungu. Nimebadilisha filamu, lakini mstari umebaki. Nitajuaje mwanga unapenya wapi?

Iweke negativu mezani uikague kabla ya kukagua kamera. Kilicho cheupe kwenye picha huwa cheusi kwenye negativu; ukiona weusi huo wa mwanga umevuka mpaka wa picha na kuingia kwenye ukingo wa filamu wenye namba, mwanga uliingia kwenye chumba cha filamu chenyewe. Ukikoma sawasawa kwenye mpaka wa picha, mwanga ulitoka mbele, yaani kwenye mvukuto (ile mikunjo inayounganisha lenzi na mwili), kwenye lenzi au kwenye mwili. RB67 ina ushahidi wa ziada, kwani chumba chake cha filamu kinageuzwa kwa picha za wima na za mlalo: piga picha kwa namna zote mbili, na kama mstari unabaki upande uleule wa filamu, chumba ndicho chenye kosa; ukihama upande, kosa ni la mwili. Usisahau kwamba picha hunaswa juu chini, kwa hiyo mstari ulio chini kulia kwenye picha iliyosafishwa hutokea juu kushoto ukiitazama kamera kwa nyuma.

Kwenye chumba cha filamu, mshukiwa wa kwanza ni sponji nyeusi ya kuzuia mwanga, ambayo huzeeka hata kamera isipotumika, ikageuka kuwa kitu chenye kunata kama lami. Hii ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe: ikwangue kwa kijiti cha mwanzi, si cha chuma, futa mabaki kwa kitambaa chenye spiriti, kisha bandika sponji mpya ya unene uleule. Ukiweka nene zaidi mlango hautafunga vizuri, na utakuwa umeziba tundu moja na kufungua jingine. Mvukuto nao hukaguliwa usiku: zima taa zote, ingiza tochi ndogo ndani ya kamera, unyooshe mvukuto hadi mwisho, na utazame pembe za mikunjo, ambako matundu huanzia.

Nina Agfa Isolette ambayo pete ya fokasi imeganda kabisa. Koleo itasaidia?

Niliwahi kutumia koleo. Pete ilizunguka, nikafurahi, na picha kumi na mbili zilizofuata zote zilikuwa nje ya fokasi. Grisi ya kijani ya kamera hizi ilikuwa imeganda kiasi kwamba lenzi ya mbele ilijifungua pamoja na ile ya katikati, nami nilikuwa nikizungusha zote mbili nikidhani nafokasi. Iache ilowe kwa matone ya spiriti kwenye nyuzi za skrubu kwa siku kadhaa, ipashe joto la wastani, na ikifunguka ni lazima umbali wa mwisho, ule wa vitu vya mbali kabisa, upangwe upya kwa kioo chenye ukungu kilichowekwa mahali pa filamu.

Bronica ETRS yangu inafyatuka, lakini kasi zote zinalia sawa na picha zinatoka gizagiza. Naambiwa umeme ukifa hakuna fundi.

Kamera hii isipopata umeme hufyatuka kwa 1/500 tu, uweke kasi yoyote utakayo, na hicho ndicho unachokisikia. Weka betri mpya ya volti 6, kisha futa vidoti vya dhahabu vilivyo kati ya lenzi na mwili kwa pamba yenye spiriti kidogo. Jaribu pia lenzi nyingine ukiweza kuiazima, kwa kuwa shata imo ndani ya lenzi na kosa linaweza kuwa la lenzi pekee. Aliyekuambia hakuna fundi amekaribia ukweli kwa upande mmoja: saketi ya ndani ikiungua haitengenezwi, hubadilishwa kwa ile iliyotolewa kwenye kamera nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Kwa mtu anayechagua sasa kamera ya kukaa nayo miaka mingi, mimi ningemwelekeza kwenye zile za gia na springi tupu.

Nitamtambuaje fundi mzuri, nami nimpe nini?

Muulize kama atakupa vipimo vya kasi za shata kabla na baada ya kazi, kasi kwa kasi; asiye na kifaa cha kupimia anakisia kwa sikio, na sikio haliwezi kutofautisha 1/250 na 1/500. Tazama vichwa vya skrubu katika kamera alizokwisha kuzifungua. Skrubu nyingi za kamera za Japani zina msalaba wa kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huteleza na kuzila. Fundi anayeacha skrubu zimeliwa kwa nje ameacha mengine usiyoyaona kwa ndani.

Wewe toa filamu na betri, kisha andika kwa maneno ya kawaida kinachotokea, kwenye kasi gani, na kama hutokea kwenye baridi au baada ya kufyatua mara kadhaa. Usimwandikie dawa, mwandikie dalili. Na kama tatizo linaonekana kwenye picha, ambatisha ukanda wa negativu zenyewe pamoja na kingo zake, si picha zilizoskaniwa, kwa sababu aliyeziskani huenda amezikata kingo.