Mama kreatinini 412 na ndugu wanakataa mashine: majibu ya mzee aliyeipanda akashuka

Pole sana binti. Nimekusoma: mama ana miaka 70, ana presha na magoti yanamsumbua, akaharisha mfululizo, na kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huichuja na hupanda figo zikilegea, iliyokuwa 84 mwaka jana sasa ni 412. Hospitali wamegusia kumsafisha damu, wajomba zako wanasema anayeingia kwenye mashine hatoki, na wewe unataka kujua pia kama ataweza kufunga Ramadhani. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga, nina miaka 73. Mashine hiyo nimeilalia, na leo sipo nayo. Udaktari sina, ila niliwauliza wangu maswali hadi wakanizoea.

Nianze na wajomba. Figo huharibika kwa njia mbili, na watu wanazichanganya. Kuna za kuchakaa miaka na miaka kwa sukari na presha. Hizo zikifika mwisho, mgonjwa anabaki na mashine au apandikizwe figo nyingine. Halafu kuna figo zilizokuwa zinafanya kazi zikasimama ghafla, kwa sababu mwili umekauka maji, au dawa zimezielemea, au maambukizi, au njia ya mkojo imeziba. Hizi za pili, sababu ikikamatwa mapema, nyingi huamka, ama zote ama kwa kiasi. Mashine haizifundishi uvivu. Inamshikilia mtu hai wakati zinajikusanya. Wanaobaki nayo ni wale ambao figo zao hazikurudi, na zisingerudi hata wangeikataa. Ndiyo maana karatasi ile ya 84 ni mali. Mpelekee daktari mkononi, maana bila hiyo anaweza kudhani anatazama ugonjwa wa miaka kumi.

Kwangu mimi ilikuwa tezi dume iliyovimba ikabana njia ya mkojo. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazee wenzangu wanapita humu kimyakimya bila kuandika neno.

Sikuacha kukojoa. Nilikuwa naenda chooni kila nusu saa, kidogo kidogo, usiku nguo zinalowa, na tumbo la chini limejaa kama nina mimba changa. Zahanati moja ya mtaani wakasema ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa vidonge. Hakuna aliyewaza kwamba mkojo umeziba, kwa kuwa ulikuwa unatoka. Kumbe ule ulikuwa unafurika tu, kama pipa lililojaa pomoni likimwagikia pembeni, na uliobaki ndani umerudi nyuma hadi kwenye figo zikavimba. Baadaye nikakosa hamu ya kula, mdomo ukawa na ladha ya chuma, ngozi ikawasha, kwikwi haikatiki mchana na usiku. Siku nilipoanza kumwita mke wangu kwa jina la marehemu dada yangu, vijana wakanibeba.

Hospitali ya mkoa daktari kijana hata hakusubiri majibu ya damu. Alinigonga tumbo kwa vidole, akanipaka ile jeli baridi, akanipiga picha ya ultrasaundi, akaagiza mpira wa mkojo. Mfuko ule ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Kreatinini ilikuwa 742 na potasiamu, ile chumvi ya kwenye damu, 7.1. Daktari alikuwa anaitazama ile potasiamu kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ikizidi inausimamisha moyo bila taarifa. Wakanichoma kalisiamu ya kuulinda moyo, halafu insulini pamoja na glukosi. Kijana wangu wa kwanza akataka kugombana na nesi: baba hana sukari, insulini ya nini? Nesi akamweleza taratibu kwamba insulini inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu iingie ndani ya seli kwa muda, na glukosi ni ya kuzuia sukari isishuke.

Potasiamu ilipopanda tena na damu ikawa na asidi nyingi, ndipo wakaamua mashine. Ninakuambia hivi ili ujue kwamba namba ya kreatinini peke yake siyo inayompeleka mtu huko. Wanatazama potasiamu isiyokubali dawa, maji yaliyojaa kwenye mapafu hadi mtu hawezi kulala chali, asidi, na akili kuanza kupotea kwa sumu. Kwa hiyo badala ya kubishana na wajomba juu ya 412, mwulize daktari: potasiamu yake ni ngapi, anatoa mkojo kiasi gani kwa saa 24, na mapafu yakoje? Akikujibu kwamba potasiamu iko sawa na mkojo unatoka, huenda dripu na subira vinatosha. Akikwambia mashine leo, basi ni leo. Kikao cha ukoo kitafuata.

Mashine yenyewe haiumi kama wanavyosimulia. Kinachokera ni ule mpira wa shingoni. Unawekwa kwa ganzi, halafu hulali upendavyo, na usiuloweshe, maana vijidudu vikiingia hapo vinaingia moja kwa moja kwenye damu. Ukiwa umelala pale baridi inakupata, misuli ya miguu inakaza ghafla, na presha ikishuka unaona giza. Omba blanketi, na usione haya kuwaambia unajisikia vibaya mapema. Nilisafishwa mara chache, mkojo ukafunguka, wakauchomoa ule mpira wa shingoni.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia: kizuizi kikishatoka, figo zinaweza kumwaga maji bila breki. Mimi nilikojoa ndoo. Nesi alikuwa anapima kila saa na kunirudishia dripu, la sivyo ningekauka na kurudi nilikotoka. Kwa hiyo mtu akifunguliwa mkojo asikimbizwe nyumbani siku hiyohiyo kwa furaha.

Sasa namba, maana zinatesa familia. Maabara nyingine zinaandika kreatinini kwa mikromoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Kijana wangu wa pili alichukua majibu ya maabara ya nje, akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, "Alhamdulillahi, ya baba imetoka 742 hadi 8.4!" Shangwe, watu wakatuma dua na maua. Ilikuwa namba ileile. Ukigawa 742 kwa 88.4 unapata hiyo 8.4. Ya mama yako, 412, kwa kizio hicho ni kama 4.7. Shikeni maabara moja.

Na mtu akikwambia "figo za mama zimebaki asilimia 10", usilie bado. Asilimia hiyo inatokana na kiwango cha uchujaji wa figo kinachokokotolewa kwa kreatinini, nacho kinafaa namba ikiwa imetulia. Inapopanda au kushuka kila siku, hesabu hiyo haiaminiki. Tena kwetu wazee inadanganya kwa upande wa pili: kreatinini inatoka kwenye misuli, na bibi aliyekonda anaweza kuwa na namba ya kupendeza huku figo zake zimechoka.

Kwa mama yako, kwa jinsi ulivyoeleza, ningekuwa wewe ningekusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za duka la dawa, za jirani na za mizizi, nikazimwage mezani kwa daktari. Uliandika presha na magoti. Kuna mchanganyiko unaojulikana sana kwa kuangusha figo za wazee: dawa ya presha ya jamii ya losartani au enalapril, dawa ya kukojosha maji, na juu yake diklofenaki au ibuprofeni ya magoti. Kila moja peke yake mtu anaweza kuishi nayo. Zikikutana tatu, halafu kuhara kukamkausha, damu inayofika kwenye figo inapungua mno. Mzee naye kiu haimwambii kweli, anaweza kukauka hajaomba hata kikombe. Wenye sukari waulize pia kuhusu metformini. Ila msisimamishe dawa ya presha kwa uamuzi wa nyumbani, presha ikiruka nayo inaua figo. Daktari aseme ipi isimame, na irudi lini.

Ombeni na picha ya ultrasaundi ingawa ni mwanamke. Mawe yanaziba, na kwa akina mama saratani ya mlango wa kizazi inaweza kubana mirija ya mkojo kabla haijajulikana.

Chakula na vinywaji ndipo ndugu wanapoweza kumuua mgonjwa kwa upendo. Hapa kwetu mgonjwa wa figo huletewa madafu, "yanasafisha". Dafu la kawaida lenye mililita 300 hivi lina potasiamu zaidi ya miligramu 600, na mimi nilikuwa na 7.1! Shemeji alikuja wodini na matatu yameshachongwa. Muuguzi aliyanywa yeye. Ndizi, machungwa, parachichi, tungule (nyanya) nyingi, mchicha na viazi, vyote mpaka daktari aruhusu. Viazi na mboga ukivikatakata ukavichemsha kwa maji mengi kisha ukayamwaga, potasiamu inapungua. Juisi ya mbilimbi kwa wingi msijaribu kabisa. Tunda hilo lina asidi ya oksaliki nyingi, na kuna watu wazima waliokuwa wazima wa afya figo zao zikasimama kwa kuinywa kama dawa.

Maji nayo yana wakati wake. "Anywe maji mengi" ni ushauri mzuri kwa aliyekaushwa na kuhara, na ni sumu kwa ambaye mkojo umekata na miguu imevimba, maana yatapanda kwenye mapafu. Wodini walikuwa wanahesabu mkojo wangu wa jana, wanaongeza kama nusu lita, hicho ndicho cha kunywa leo, uji na chai vikiwemo. Mke wangu alinunua jagi la plastiki lenye mistari na daftari la shule. Upande wa kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, chini uzito wa asubuhi. Madaktari walikuwa wanaliomba daftari kabla ya faili.

Kurudi nyumbani ni shughuli nyingine ambayo hakuna anayekuandaa. Nilikuwa mchovu kwa muda mrefu, hasira za karibu, usiku naamka kusikiliza kama nina kwikwi. Watu wanakuona umenenepa wanasema umepona. Kreatinini yangu haikurudi ilikokuwa, imetulia kwenye 130, na tezi ilishafanyiwa upasuaji kwa kupitia njia ya mkojo. Daktari alitaka vipimo vya damu na mkojo tena baada ya miezi mitatu hata kama najisikia vizuri, kwa kuwa figo iliyowahi kuanguka ni rahisi kuanguka tena. Jipu likitoka au jino likiuma, neno la kwanza ninalomwambia mwenye duka la dawa ni figo. Maumivu ya mgongo nayamaliza kwa parasetamo na kitambaa cha moto.

Gharama sitakudanganya, mashine ni ghali, na bima ya mama iangalieni leo inalipa mara ngapi na hospitali ipi. Ongeeni na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza chochote. Wajomba wako wanaweza kuwa wanaogopa bili zaidi ya mashine yenyewe, na hilo linazungumzika.

Kuhusu Ramadhani, mwaka huu asahau. Figo zinazojaribu kuamka haziwezi kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila tone, tena kwa joto letu. Akina mama huona vibaya kula wenzao wakifunga, kwa hiyo mtafutie shekhe anayemheshimu amwambie kwa kinywa chake, atamsikia kuliko wewe. Mimi mwaka wa kwanza nilitoa fidia, nikalisha masikini kwa kila siku. Mwaka uliofuata nilimpelekea daktari vipimo mwezi wa Shaabani, akavitazama akasema bado, nikatoa tena.