Mahakimu wapya, andikeni tarehe kwenye waranti

Wiki hii nimepitia mafaili yaliyorudi kutoka gerezani kwa mapitio. Makosa ni yale yale tuliyoyakuta, na sahihi ni zenu vijana wangu mliokula kiapo majuzi. Nawapenda, lakini hapa sina subira.

1. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, kinachotaka muda wa rumande uhesabiwe kwenye kifungo. Mnakitaja vizuri sana kwenye hukumu: "mahakama imezingatia muda aliokaa rumande." Halafu waranti ya kifungo, yaani amri inayompeleka mtu gerezani, inatoka bila tarehe ya kuanza kifungo. Afisa anayempokea mfungwa gerezani hasomi hukumu yako, anasoma waranti. Asipoona tarehe, anahesabu kuanzia siku ya hukumu.

Namkumbuka kijana mmoja wa kesi ya wizi wa mifugo. Alikosa mdhamini, akakaa rumande karibu miaka miwili, kisha akafungwa mitatu. Hesabu ni nyepesi: miezi 36, toa theluthi anayosamehewa mfungwa mwenye mwenendo mzuri, inabaki 24. Alistahili kufika kwao baada ya wiki chache tu. Waranti yake niliishika mkononi: muhuri umegongwa ukakolea, jina limeandikwa sawasawa, na pa tarehe ya kuanza kifungo pana kistari. Kwa kistari hicho alianza miaka miwili mingine. Aliandika barua kwa Mahakama Kuu kwenye karatasi za daftari. Mamaye alikuwa akija masjala kuuliza kama imejibiwa, na karani akimwambia faili halijaonekana. Lilipofika kwa jaji, amri ilikuwa mistari minne. Kijana alikuwa ameshamaliza zaidi ya mwaka asiodaiwa, akilala kwenye bweni ambalo wenzake walipokezana kulala. Msongamano tunaoulalamikia mikutanoni, huu nao ni wetu.

2. Faini: muulize kwanza anapata nini kwa siku. Ya shilingi 15,000 akiikosa, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hadi miezi mitatu ndani.

3. Ripoti ya afisa wa probesheni, anayechunguza hali ya mshtakiwa, iagizwe kabla ya adhabu. Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayoruhusu kazi ya bure kwa umma badala ya kifungo, ipo tangu 1998. Itumieni!

4. Msiogope mjadala wa adhabu. Wapo wanaosema hakimu akizungumzia adhabu anaingilia kazi ya Bunge. Sikubali. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa mauaji inakiuka Katiba, na Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Mwaka 2024 ikasema viwango vya chini vya Sheria ya Makosa ya Ngono vifuatwe. Kizimbani fuateni hivyo. Kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, kikao cha mahakama na wadau wake, semeni mnayoyaona, maana mkuu wa gereza yuko pale pale mezani. Mwombeni orodha ya mahabusu wa mahakama yako, uisome jina kwa jina. Ukimkuta wa kosa la faini tupu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, Ibara ya 49(2) ya Katiba hairuhusu awe rumande. Mwite kesho asubuhi.