Seli shina za uboho na retina: jibu kwa dada wa Pangani

Dada uliyeuliza kama kweli uboho unaweza kumrudishia kaka yako macho, kwa kuwa mmeletewa bei ya kliniki ya nje na shemeji ameanza kutaja shamba: nakujibu kwa sababu nyumbani kwetu Makorora tunaye wa ugonjwa huohuo. Mdogo wangu ana retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua polepole seli za kuona za retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Ilianza na giza. Mchana anaendesha baiskeli kama kijana yeyote wa Tanga, Magharibi ikiadhiniwa anaikokota. Baadaye akawa anagonga vikombe na kuwapita watu kibarazani bila salamu, wazee wakasema ana kiburi.

Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, tukapewa rufaa kwenda Dar. Kule aliwekwa kidevu kwenye mashine yenye bakuli jeupe, abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Mimi nipo upande wa mtaalamu, kwenye skrini naona nukta zinawaka pembeni, kidole cha mdogo wangu kimetulia tuli. Karatasi ilitoka nyeusi yote, katikati kidoa cheupe: hapo tu ndipo anapoona.

Sasa huo uboho. Wanatoboa mfupa wa nyonga kwa nyuma, wanavuta uboho, maabara inazitenga seli shina, yaani seli changa zinazozaa seli nyingine, kisha kitone kidogo kinachomwa ndani ya ute wa jicho. Ni seli za mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mwili hauzikatai. Wauzaji huishia hapo. Wasichosema ni kwamba seli hizo hazigeuki kuwa seli mpya za kuona. Inavyoeleweka hadi sasa, zinatoa kemikali zinazozisaidia seli zilizo hai zisife, na zinakimbilia mishipa midogo ya damu iliyoharibika. Ni mbolea: mnazi uliodhoofika utanufaika, uliokufa kilele hata ukiumwagia gunia zima hauchipui.

Kwa hiyo kabla ya bei, jueni kaka amebakiwa na nini. Ombeni ramani ya upana wa kuona, picha ya OCT inayoonyesha tabaka za retina, na kipimo cha umeme wa retina kama kinapatikana. Anayekutajia dola kabla ya kuona karatasi hizo ni dalali.

Majaribio ya kweli yapo. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa matokeo yake ya awali mwaka 2015, na madaktari wa Brazil walianza mapema zaidi. Ni watu wachache na shabaha kubwa ilikuwa usalama. Wabrazil walipowahoji wagonjwa wa retinitisi pigmentosa kuhusu maisha yao, miezi 3 baada ya sindano majibu yalikuwa mazuri; ulipofika mwezi wa 12 tofauti ilikuwa imeyeyuka. Mimi hapo naona dalili njema. Sioni sababu ya kuuza shamba.

Na msikubali macho yote mawili siku moja, hata mbembelezwe vipi. Huko Florida wanawake watatu wenye uchakavu wa retina wa uzeeni walichomwa seli zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili, macho yote kwa mpigo, kila mmoja akalipa dola 5,000. Wakaishia na retina zilizobanduka na upofu. Kisa chao kilichapishwa 2017. Seli zao hazikuwa za uboho, lakini namna ya kuuza ni hiyohiyo. Jaribio la kitafiti la heshima kwa kawaida halimtozi mgonjwa bei ya tiba yenyewe.

Sisi hatukwenda kliniki ya nje. Kilichomsaidia mdogo wangu hakikuwa hata kwenye orodha ya madalali hao: wenye ugonjwa huu hupata mtoto wa jicho mapema, na wengine hupata uvimbe katikati ya retina, na vyote viwili vina tiba. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho. Akapasuliwa, ukungu ukatoka, kile kidoa kilichobaki kikawa safi kiasi cha kusoma meseji mwenyewe. Pembeni bado haoni, na usiku anatembea na tochi na fimbo.

Shamba liacheni kwanza. Kaka akishapigwa OCT, weka picha yake hapa, jina ulifiche. Kuna wadau wa macho humu watakuambia kama kuna uvimbe wa kutibu.