Je, udhaifu wangu ni dalili ya kukosa imani?

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa. Mwaka jana nilipata kiharusi kilichoniacha na mkono wa kulia usio na nguvu na ulimi mzito, kiasi kwamba nikiongoza sala watu hawanielewi vizuri. Mhubiri mmoja aliyetutembelea alisema mbele ya washarika kwamba mwenye imani ya kweli hawezi kubaki katika hali kama yangu. Wenzangu hunitia moyo kwamba uweza wa Mungu hutimilika katika udhaifu, lakini naona ni maneno ya kufarijiana tu. Je, nijiuzulu? Na nikiendelea kwenda kliniki, ninaonyesha kwamba simwamini Mungu?
Mzee wa Kanisa, Mbeya

JIBU: Pole sana, mzee wangu, kwa ugonjwa na kwa maneno hayo, ambayo hayakustahili kusemwa, tena hadharani.

Andiko wanalokutajia wenzako limo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, na huonekana kuwa faraja nyepesi kwa sababu tumezoea kulinukuu bila kutaja ugomvi uliomfanya Paulo aliandike. Huko Korintho walikuwa wameingia wahubiri wenye kujisifu, na wapo waliomdharau Paulo wakisema kwamba nyaraka zake ni nzito, lakini yeye mwenyewe akiwapo ni dhaifu na maneno yake si kitu (10:10). Kwa hiyo dharau iliyokupata wewe ilimpata mtume pia, na kwa jambo lile lile la kunena.

Katika kujibu, Paulo anataja vipigo, njaa na ile aibu ya kuteremshwa ndani ya kapu ukutani mwa Dameski ili asikamatwe. Anayagusa maono yake kwa haraka, kisha anakwenda kwenye mwiba aliopewa mwilini asije akajivuna kupita kiasi. Mwiba huo ulikuwa nini, hakusema. Wafasiri wamekisia macho, homa na mengineyo. Lililo wazi ni kwamba hakuupenda: aliuita mjumbe wa Shetani, akamsihi Bwana mara tatu umtoke. Unyenyekevu, basi, haumtaki mtu ajifanye anafurahia ugonjwa. Jibu alilopewa ni hili: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Mwiba ulibaki, na hakuna neno hata moja la kumlaumu kwa imani haba. Mhubiri wenu angepaswa kuisoma sura hiyo kabla ya kupanda madhabahuni.

Uweza huo ulionekana wapi? Wagalatia wanakumbushwa kwamba Paulo aliwahubiri Injili mara ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa mwili, tena hali yake ilikuwa jaribu kwao, nao hawakumdharau (4:13-14). Ugonjwa ambao wengine wangeuita laana ndio uliowafikishia Habari Njema. Hivyo sikuahidi kwamba ulimi wako utafunguka ghafla ukiwa umesimama mbele ya watu; nasema kwamba Mungu hufanya kazi yake kupitia mtu ambaye kila mmoja anaona hana cha kujivunia, kama Kristo mwenyewe, aliyesulibiwa katika udhaifu lakini anaishi kwa nguvu za Mungu (2 Wakorintho 13:4).

Kuhusu kliniki, nenda. Mwenzake Paulo, Luka, alikuwa tabibu. Timotheo alishauriwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (dawa ambayo mimi sikuandikii). Na Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, bila kuitwa asiyeamini. Meza dawa ulizoandikiwa na ufanye mazoezi ya viungo kama wataalamu walivyokuelekeza.

Usijiuzulu kwa sababu ya aibu. Hata hivyo, unyenyekevu una upande mwingine ambao sisi viongozi wa kanisa hatuupendi sana, nao ni kukubali kushikwa mkono. Musa alipochoka vitani dhidi ya Amaleki, Haruni na Huri walimketisha juu ya jiwe wakaitegemeza mikono yake. Zungumza na mchungaji wako, mwombe mwenzako asome sala za ibada kwa sasa, nawe ubaki na kazi ya kuwatembelea wagonjwa, ambako hakuna anayekuharakisha kumaliza sentensi. Na ikiwa baraza la wazee litaona vema kukupunguzia majukumu zaidi, lipokee kama uamuzi kuhusu kazi, si kuhusu imani yako.