Langalanga ukiwa na miaka 56: tafuta mwalimu kabla ya kutafuta gari

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye langalanga, gari la mbio ambalo tairi zake ziko nje ya bodi, nilikwama papo hapo, injini haijawashwa. Kiatu changu namba 45 kilikanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Fundi aliyekuwa amechuchumaa pembeni akajitahidi asicheke, ikamshinda.

Nilikuwa na miaka 56. Kazi yangu ni kuendesha basi kusini mashariki mwa London. Kabla ya hapo niliendesha basi la Mombasa–Nairobi, na kabla ya hapo matatu pale Voi. Sisi watoto wa Taita tulikua tukikalia mawe kungoja vumbi la Safari Rally. Mwaka 1976, Joginder Singh aliposhinda kwa mara ya tatu, nilikuwa na miaka 9 na nilishajua nitakuwa nani ukubwani. Nikaishia kubeba abiria.

Kwa hiyo naandika kwa wazee wenzangu wenye hamu kama yangu. Kosa langu lilikuwa kudhani miaka 30 ya usukani inatosha, kilichobaki ni kununua vifaa. Nikanunua helmeti, glovu na suti ya kuzuia moto. Suti nilijaribu nimesimama mbele ya kioo, ikanikaa vizuri mno. Kwenye gari unalala chali miguu ikiwa mbele, na hapo ndipo nilipogundua inanibana pale mwanamume hapendi kubanwa. Pesa hizo zingelipa siku nzima ya mwalimu.

Gari nililochagua ni Formula Ford 1600. Mbio zake za kwanza zilifanyika Brands Hatch, uwanja wa mbio hapa Uingereza, mwaka 1967, mwaka niliozaliwa mimi. Ayrton Senna, Mbrazili aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, alipokuja Uingereza mwaka 1981 alianza na magari ya aina hii hii. Halina mabawa ya kulikandamiza chini. Injini ni ya cc 1600, gia ni 4 za kubadilisha kwa mkono, na kinacholishikiza barabarani ni tairi zake nyembamba na akili ya dereva. Kwa anayejifunza sijaona zuri zaidi, maana kosa lako halifichwi na kitu.

Lakini lina kiti kimoja tu, na hili wengi hawalifikirii. Mwalimu hawezi kukaa pembeni yako akashika usukani. Ukishatoka, umetoka peke yako. Ndiyo maana nasema anza siku moja au mbili kwenye gari la kawaida la mbio, mwalimu akiwa kiti cha abiria. Hata mtihani wa leseni ya mbio hapa Uingereza, unaoitwa ARDS, huwa hivyo: mtahini yuko pembeni, halafu kuna maswali ya kuandika. Bendera zijue zote usingizini. Ya manjano ni hatari, usimpite mtu. Ya buluu, kuna mwenye kasi nyuma yako. Nyekundu, mambo yamesimama.

Mwalimu wangu wa kwanza simtaji. Alikuwa na sifa za mashindano na alisimama ukutani mikono mfukoni siku nzima. Kila nikirudi ananiambia neno moja, niongeze spidi. Nikaongeza. Pale Paddock Hill, kona ya kwanza ya Brands Hatch, barabara inakuporomokea chini ya miguu kama umekanyaga ngazi ambayo haipo. Niliogopa katikati ya kona, nikaachia mafuta ghafla, na gari likazunguka kama pia mpaka kwenye kokoto. Akanipa pole. Sababu hakunieleza, na nadhani hata yeye hakuijua.

Wa pili alikuwa binti wa miaka 26, mdogo kwa binti yangu Rehema. Nakiri moyo ulisita. Mimi nilishavuka Mackinnon Road usiku, bila taa moja, kabla hajazaliwa! Swali lake la kwanza halikuhusu mbio. “Unafanya kazi gani?” Nikamwambia basi. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia dalili anazozijua.

Baada ya mizunguko kumi akaniita kwenye kompyuta. Alikuwa na michoro miwili ya jinsi breki ilivyokanyagwa, wake na wangu, kuingia Druids, ile kona kali ya kupanda kilima. Wake ulipanda wima kama ukuta halafu ukashuka taratibu. Wangu ulikuwa kama kichuguu: unapanda polepole, unashuka polepole. Nikangoja lawama. Akaweka kidole kwenye upande wa kushuka akasema, “Hapa usibadilishe kitu. Wanafunzi wangu vijana hunichukua miezi kuwafundisha hivi.”

Dereva wa basi anajua kitu hiki kwa nyama ya mguu wake. Kabla basi halijasimama kabisa unaiachia breki kidogo kidogo, ili bibi aliyesimama na kikapu asianguke. Kumbe gari la mbio linataka vivyo hivyo. Uzito unapokuja mbele ndipo tairi za mbele zinapouma barabara. Ukiiachia breki kwa mkupuo, uzito unarudi nyuma na gari linagoma kukata kona. Kukanyaga kwangu kulikuwa kubovu mwanzoni tu. Nilibonyeza kama nina abiria. Akanifanya nitumie saa nzima kwenye kitu kimoja: pigo la kwanza la breki, kwa nguvu zote, gari likiwa bado limenyooka. Mengine tuliyaacha. Ile Paddock Hill alinieleza kwa sentensi mbili, kwamba nilipoachia mafuta nilizinyang'anya tairi za nyuma uzito wake.

Basi mwalimu wa mtu mzima nampima kwa hilo: je, anatafuta kile ambacho mikono yako tayari inakijua, au anakuanzisha upya kama mtoto wa gokati, vile vigari vidogo vya mbio? Muulize pia ana wanafunzi wangapi siku hiyo. Muulize kama atakwenda kusimama kwenye kona akutazame, na kama mtakaa pamoja kwenye kompyuta kila ukirudi.

Mwili nao una yake. Nenda kwa daktari kwanza, usione haya. Na miwani! Mimi navaa ile yenye sehemu ya chini ya kusomea. Ukilala kwenye kiti cha Formula Ford unatazama barabara kupitia hiyo sehemu ya chini, na kona zote zinakuwa ukungu. Nilipoteza nusu siku nikilaumu vioo vya helmeti. Nikatengeneza miwani ya kuonea mbali tu, yenye mikono myembamba inayopita ndani ya helmeti. Viatu navyo ni vya soli nyembamba, na vya upana mdogo kadiri mguu unavyovumilia.

Hatari nisifiche. Tairi ziko nje, na tairi ya mbele ikiparamia ya nyuma ya mwenzako, gari lako linaruka. Siku za mazoezi nawaachia njia vijana bila kinyongo.

Mwezi ujao nashindana kwa mara ya kwanza. Dereva mgeni hapa hubandikwa nyuma ya gari kibandiko cha manjano chenye alama nyeusi ya X, ili walio nyuma wajihadhari naye. Mama Rehema alikikuta juu ya meza akakigeuza geuza.

“Baba Rehema, hii unabandika kwenye gari au mgongoni?”

Sikumjibu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya breki kwenye mguu wa meza.